Ngómbe wa Bwana Mifugo

Barua ya pili ya onyo aliyopewa Zipora Ng'wigulu ilichapwa na Zipora Ng'wigulu mwenyewe. Ingefanyikaje vinginevyo? Katika duka zima la Firoz pale Shinyanga mjini, lililouza karatasi, kalamu na huduma ya kuchapa, mchapaji alikuwa mmoja tu. Na Bosi Firoz alikuwa mtu wa taratibu. Barua ya onyo haiandikwi kwa mkono kama orodha ya sokoni. Inachapwa, inapigwa muhuri, nakala moja inakwenda kwenye faili. Basi akasimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, akawa anatamka, na Zipora akawa anachapa.

"Kwa Zipora Ng'wigulu. Yah: Uzembe kazini. Umeandika?"

"Nimeandika uzembe, Bosi."

"Umekuwa ukikosea maneno ya kawaida ambayo hata mtoto wa darasa la pili anayajua, licha ya ofisi kukununulia kompyuta. Hilo neno kompyuta lipigie mstari."

Printa ikakwaruza karatasi mpaka mwisho. Firoz akaichana, akaisoma, uso ukamwiva.

"Mama Enock! Hata jina lako mwenyewe?"

Barua ilikuwa imeandikwa kwa Zipora Ngwigulu.

"Nimelipiga sawasawa, Bosi. Mashine imekula koma ya juu."

"Kompyuta haili, Mama Enock. Kompyuta haikosei. Anayekosea ni mtu." Akaiacha barua hivyohivyo na jina bovu, akasema huo ndio ushahidi wenyewe, akatia saini na kugonga muhuri kwa nguvu hata kikombe cha chai kikaruka. Barua ya tatu, akamkumbusha, ndiyo ya mwisho. Ikitoka hiyo, mtu anachukua mkoba wake.

Zipora akaitia barua kwenye droo. Alikuwa mjane, na Enock alikuwa kidato cha tatu. Lakini kilichomuuma siku ile hakikuwa ada. Kilikuwa neno uzembe, ambalo vidole vyake vimelichapa bila kukosea hata herufi moja.

Miaka kumi na minne alikuwa amechapa kwa taipureta. Mashine ile ya chuma ilikuwa na kelele za kinu, lakini ukigonga koma ya juu ilikuwa inaandika koma ya juu, haina maswali. Katikati ya mwaka tisini na sita, Fahim, mtoto wa kaka yake Firoz aliyekuwa akisoma Uingereza, akatuma kompyuta iliyotumika na boksi la disketi. Katika barua yake alieleza kwamba programu ya kuandikia iliyomo ni huru: walioitunga wameitoa pamoja na maandishi yake yote ya ndani, na yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuirekebisha. Firoz aliposoma huru alielewa bure, akafurahi sana. Wiki hiyohiyo akaiuza taipureta kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu wa Rwamgasa, aliyetaka risiti zake ziwe na heshima.

Siku ya kwanza tu Zipora alimwambia bosi wake kwamba programu ina kasoro. Akaambiwa ataizoea.

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo, na ilichagua mahali pabaya pa kuishi. Ukigonga ile koma ya juu, ambayo vitabu vya sarufi vinaiita ritifaa ingawa hakuna mteja aliyewahi kuingia dukani akalitaja jina hilo, skrini ilinyamaza. Ukifuatishia o, koma ilipanda juu ya kichwa cha o na kukaa kama kofia. Ukifuatishia w au h, koma ilipotea kabisa. Ukiigonga mara mbili, haikuonekana hata moja. Ukiisindikiza kwa nafasi, ilipotea, ikabaki nafasi tupu. Labda kuna nchi ambako mtu anaweza kuishi hivyo na asigundue. Lakini kanda hii! Hapa nusu ya watu wana koma katika majina yao, na mali yao yote inayotembea kwa miguu minne ina koma pia. Barua ya onyo ya kwanza ilitokana na vitambulisho vya wachimbaji wadogo wa Kharumwa, waliovirudisha wakisema wao ni watu wa Nyang'hwale, hiyo Nyanghwale hawajui iko wilaya gani.

Na hii ya pili ilitokana na Bwana Mifugo.

Donatus alikuwa afisa mifugo wa mradi mmoja wa kanda, wenye wafadhili wa nje, uliohesabu mifugo kuanzia Shinyanga mpaka vijiji vya Geita. Kila miezi mitatu alileta taarifa ichapwe, akaitia saini, akaituma makao makuu ya mradi Dar es Salaam. Taarifa mbili zilizochapwa kwa kompyuta zilikuwa zimekwenda salama, kwa sababu Donatus hakuzisoma. Ya tatu aliisoma kwa bahati mbaya tu: alikuwa amepata miwani.

"Bwana Firoz," alisema Ijumaa ile, akiinyanyua taarifa kwa ncha za vidole, "huyu ngómbe ni mnyama gani? Kurasa arobaini na mbili, kila ukurasa ngómbe. Ngómbe wa maziwa. Ngómbe waliochanjwa. Mimi nimesomea mifugo, na mnyama huyu sikufundishwa." Akatoa muda: Jumatatu saa nne asubuhi taarifa iwe safi, la sivyo anahamishia kazi kwa jirani mwenye taipureta.

Jumamosi Zipora hakuchapa kazi ya mtu. Alilifungua boksi la Fahim, akatoa disketi ambazo hazikuwahi kuguswa, na kweli, maandishi ya ndani ya programu yalikuwemo, faili baada ya faili. Lugha ilikuwa Kiingereza kilichokatwakatwa na kupachikwa mabano kila mahali. Hakuielewa. Lakini miaka kumi na minne alikuwa akichapa mikataba ya wanasheria na ripoti za madaktari asizozielewa, na mara nyingi yeye ndiye aliyewaonyesha wenyewe walipokosea. Akaanza kusoma kama anavyosoma siku zote, mstari kwa mstari, rula chini ya kila mstari kwenye skrini.

Saa nane mchana akakutana na orodha. Koma na a, inatoa á. Koma na e, inatoa é. Ilikuwa imepangwa kama silabi za darasa la kwanza, a e i o u, na wote wamevaa kofia.

Jumapili alipotoka kanisani akaenda kumchukua Mwalimu Marcel. Marcel alifundisha hesabu sekondari, na aliwahi kujifunza mambo ya programu Chuo Kikuu kabla kompyuta hazijafika hata benki za Shinyanga. Firoz alitoa ufunguo kwa sharti kwamba wasiwashe feni.

"Dada Zipora, haya si mambo ya kuingia kichwakichwa," Marcel alisema akivuta kiti. "Programu ni mantiki." Akasoma kwa nusu saa, akitikisa kichwa taratibu, kisha akamfafanulia. Programu ikipokea koma, hata ikiwa ya pili mfululizo, koma hiyo inaambiwa subiri. Kinapokuja kibonye kinachofuata, inatafuta kama hao wawili wamo kwenye orodha. Wakiwemo, inaandika herufi yenye kofia. Wasipokuwemo, inaandika kile kibonye kilichofuata.

"Na koma?" Zipora akauliza.

"Koma ipi?"

"Ile iliyoambiwa isubiri."

Marcel akarudi kwenye mstari. Akausoma tena. Akavua miwani, akaifuta.

"Hawakuiandika popote," akasema.

Zipora akacheka peke yake. Mambo hayo aliyajua vizuri kuliko Marcel. Mara ngapi amekwenda ofisi za watu akaambiwa keti hapo mama subiri, akaja mwingine nyuma yake akahudumiwa, na yeye akasahauliwa mpaka mlango ukafungwa? Kumbe hata ndani ya kompyuta kuna dirisha kama lile, na karani kama yule.

Marcel sasa alikuwa amepata ari. Akachora kwenye karatasi suluhisho la kupendeza: programu itazame kwanza herufi mbili zilizotangulia, kama ni n na g, basi koma isipande kichwani, kama si hizo, ipande kama kawaida. Mistari kumi na saba. Kila mmoja ulikuwa na koma za juu nne au sita, kwa kuwa katika lugha ile kila herufi inafungwa baina ya koma mbili. Zipora akakaa kuichapa, ndani ya programu ileile, maana nyingine haikuwepo.

Programu ikazila koma zote.

Wakajaribu tena, polepole. Ikazila polepole. Marcel akamwomba ampishe, akachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, akiibonyeza koma kama mtu anayeua chawa. Ikazila za mwalimu pia, haikumbagua. Ilipofika saa tisa alikuwa ameloa jasho, feni ikiwatazama tu kutoka darini, na mantiki imemwishia.

"Mwalimu," Zipora akasema, "kwa nini tuchape? Tufute."

"Tufute nini?"

"Huko kusubiri. Tukifuta hii mistari sita inayosema subiri, koma itakuwa herufi kama herufi nyingine. Ukiigonga, inaandikwa. Na kufuta hakuhitaji koma."

"Si utaalamu huo. Mfaransa akitaka kuandika é atafanyaje?"

"Akija Shinyanga nitamwandikia kwa kalamu."

Kwanza alinakili programu nzima kwenye disketi ya pembeni, akaibandika karatasi: YA ZAMANI, MBOVU. Mchapaji mzuri hatupi rasimu. Kisha akafuta mistari sita, mmojammoja. Marcel akatoa amri ya kuyapika maandishi upya yawe programu, mashine ikanguruma dakika ishirini huku wote wawili wakiomba umeme usikatike, na haukukatika. Programu ikafunguka.

Zipora alikuwa amekusudia kujaribu neno ng'ombe. Vidole vikamkatalia. Vikaandika Zipora Ng'wigulu, na koma ikaja palepale, baada ya g, imesimama peke yake kama ilivyosimama kwenye cheti chake cha ubatizo.

"Ng'hana!" akasema kwa Kisukuma, akithibitisha ukweli wa jambo lenyewe, kisha machozi yakamtoka mbele ya mwalimu wa watu na hakuyaonea haya.

Katika maandishi ya programu palikuwa na faili la majina ya wote waliowahi kuirekebisha, watu wa nchi za mbali. Marcel akaongeza jina lake chini kabisa. Alipokwisha, akakumbuka, akaongeza na la Zipora.

Jumatatu saa nne taarifa ilikuwa mezani, kurasa arobaini na mbili za ng'ombe watupu. Donatus alisoma na miwani yake, akatia saini. Firoz akapitisha kidole kwenye mistari, akaridhika.

"Unaona, Mama Enock? Ukitulia unaweza. Kompyuta ilikuwa nzima siku zote."

Zipora akasubiri aseme barua zile mbili zifutwe. Hakusema. Zikabaki kwenye faili.

Mwezi wa saba Donatus akarudi, na safari hii alikuja mbiombio. Alikuwa na taarifa nyingine ya miezi mitatu, na barua kutoka makao makuu ambayo aliiweka mezani kama mtu anayeweka nyoka.

"Tumekwisha," akasema.

Kumbe makao makuu walisoma kila kitu, na walisoma kwa makini ya kutisha. Katika taarifa za zamani, za taipureta, kanda ilikuwa na ng'ombe laki tatu. Zikafuata taarifa mbili ambamo ng'ombe hakuwepo hata mmoja, ila ngómbe laki tatu na kidogo. Wataalamu wa Dar es Salaam wakalitafakari jambo hilo, wakaona maelezo ni moja tu: mradi umefanikiwa kubadilisha mifugo yote ya kienyeji kuwa mbegu bora. Wakaandika hivyo kwa wafadhili. Wafadhili walifurahi kupita kiasi, wakaahidi majosho sita. Kisha ikaingia taarifa ya Aprili, ile safi, na ngómbe wote wakawa wametoweka, ng'ombe wa kienyeji wamerudi.

"Wananiuliza ngómbe laki tatu wamekwenda wapi," Donatus alisema. "Wanataka kujua ni ugonjwa au ni wizi. Na mtaalamu anakuja mwezi ujao kuwaona kwa macho."

"Si uwaambie ilikuwa kosa la kuchapa?" Firoz akauliza.

"Nimeziweka saini zote mbili, Bwana Firoz. Niseme sikusoma?" Akavua miwani. "Hapana. Taarifa hii itoke na ngómbe. Ile ya Aprili nitasema ndiyo yenye kosa."

Firoz akamgeukia Zipora. "Umesikia. Weka ngómbe."

"Haiwezekani, Bosi. Kofia imeondoka. Nilifuta."

"Ulifuta nini? Nani alikutuma kuichokonoa mashine yangu?"

Zipora akamtazama. Miezi mitatu huyu mtu alikuwa amewaeleza wateja kwamba kompyuta yake haikuwahi kuwa na kasoro. Sasa kumbe kasoro ilikuwa mali ya ofisi, na yeye kaiharibu.

"Kaa," Firoz akasema, akaweka mikono mgongoni. "Andika. Kwa Zipora Ng'wigulu. Yah: Kuharibu kifaa cha kazi. Onyo la tatu na la mwisho."

Zipora akakaa. Akachapa yote, hadi mwisho na tarehe. Printa ikakwaruza. Aliichana karatasi mwenyewe, akaisoma kwa utulivu wa mtu anayesahihisha kazi ya mteja, kisha akavuta droo akatoa zile mbili nyingine, akazipanga tatu mezani, ubavu kwa ubavu.

"Bosi, hizi mbili ni za nani?"

"Zako, za nani tena?"

"Zimeandikiwa Zipora Ngwigulu. Mimi simjui."

"Usinichezee. Ni herufi tu imekosekana."

"Kosa la nani?"

Firoz akisema la mashine, onyo lote linaanguka. Akisema la Zipora, saini yake iko chini ya kosa hilo, muhuri juu yake, mara mbili.

Zipora akamgeukia Donatus. "Shikamoo, Bwana Mifugo, sikukusalimu. Wewe umesomea. Ng'ombe na ngómbe, ni mnyama mmoja au wawili?"

"Marahaba, mama," Donatus akasema. Alimtazama Firoz. Aliitazama barua ya makao makuu. Aliwaza, bila shaka, majosho sita na saini mbili. "Kwa mujibu wa taarifa," akasema mwishowe, "ni wawili. Tofauti kabisa."

"Asante. Basi na sisi ni wawili." Zipora akagonga kidole kwenye ile barua mpya, palipoandikwa Ng'wigulu na koma yake. "Hii ndiyo barua yangu ya kwanza, Bosi. Huyo mwenzangu akija, mpe zake mbili. Na kama ni lazima twende kwa afisa kazi, Bwana Mifugo atakuwa shahidi wangu."

Donatus akakohoa, akaanza kuchunguza bei za bahasha ukutani.

Firoz akazivuta karibu zile barua tatu, akayasoma majina moja moja.

"Huyo ngómbe," akasema kwa sauti ya chini, "hawezi kurudi kabisa?"

"Anaweza." Zipora akainua disketi yenye karatasi YA ZAMANI, MBOVU. "Yumo humu mzima mzima. Nitamtoa kila miezi mitatu kwa ajili ya Bwana Mifugo, kisha namrudisha. Ila kwanza nataka barua, inayosema kosa lilikuwa la mashine tangu siku ya kwanza, na kwamba niliyelirekebisha ni mimi."

"Sawa. Chapa, nitatia saini."

"Zangu nimechapa tatu, Bosi. Hii utaandika wewe."

Firoz akatafuta kalamu katika duka lake mwenyewe la kalamu, ikamchukua muda. Akavuta karatasi. Akaandika tarehe, akaandika Kwa, akaandika Zipora. Hapo akasita, kalamu ikielea juu ya karatasi.

"Hiyo koma," akauliza bila kuinua macho, "inakaa wapi?"

Zipora akainama, akamwonyesha kwa kidole. "Hapa, baada ya g. Iandike sasa hivi, usiiache isubiri."